Wanga na Goti la Mama

Ghorofa ya tatu, mlango wa saba,
Juu ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe 4 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako, na kwa mama pia, ingawa hajui kama nakuandikia. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Wale mapacha wamepona kikohozi, au bado wanaambukizana kwa zamu? Baridi ya huko imepungua? Mara ya mwisho ulisema unavaa soksi mbili mbili unapoingia kwenye mashimo ya lifti. Utunze mgongo wako, hatuna mwingine wa kukupa. Sisi hapa ni wazima, tunashukuru. Mimi nimechoka tu, na kwa nini nimechoka utajua sasa hivi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Simu ya nyumba hii haina siri. Mama anataka iwekwe katikati ya meza na sauti ifunguliwe mpaka mwisho, na nikitoka nayo barazani ananiuliza nilichosema kabla sijafunga mlango. Tena kwenye simu wewe husikilizi, unafundisha. Ndiyo maana tangu utoto tunakuita Profesa, na hukuwahi kuona kama tunakutania. Barua huwezi kuidakia katikati. Kwa hiyo kaa chini, isome yote, kubisha utabisha baadaye.

Nianze na sentensi yako. Mwezi wa kwanza daktari wa mifupa alisema mama apasuliwe goti la kulia, akaweka sharti moja: siku ya kupimwa, tarehe 28 Agosti, asizidi kilo themanini na nane. Wakati huo alikuwa na tisini na sita. Akizidi anarudi mwisho wa foleni, na foleni yenyewe ni mwaka na miezi. Wewe ulipoambiwa, ulisema, "Mama, acha wanga tu, utaona." Ukaongeza kwamba akishapona utamchukua akae kwenu moja kwa moja, mapacha wanamngoja. Ukaaga, ukakata simu. Sentensi moja, mwenzangu, na mimi nimeishi nayo miezi minne.

Hivi uliwahi kufikiri neno hilo likiingia kwenye kichwa cha mama linakutana na nini? Huyu ni mtu aliyetunza stoo ya shule ya bweni miaka thelathini na moja. Walimu wakuu walikuja wakaondoka, yeye, Mama Mizani kama walivyomwita, akabaki na funguo zake. Katika stoo yake wanga ulikuwa rafu ya kushoto: mchele, unga, mikate, tambi. Kilicholetwa na lori la mboga kiliandikwa kwenye daftari la mboga, kwa hiyo viazi ni mboga. Mahindi mabichi ni mboga. Ndizi ni matunda, juisi ni kinywaji. Asali ilikaa kwenye kabati la muuguzi wa shule, kwa hiyo asali ni dawa. Nilipomwambia viazi ni wanga aliniangalia kama ninavyomwangalia mwanafunzi wangu wa ushonaji aliyeweka mfuko wa shati mgongoni.

Basi mama akaacha wanga. Mkate haukukanyaga humu ndani. Shemeji yako alikuwa anakula wali wake kazini kama mwizi. Asubuhi mama alikula sahani nzima ya viazi vya kuchemsha na siagi, juu yake glasi mbili za juisi ya machungwa aliyokamua mwenyewe. Saa nne ndizi tatu. Mchana viazi vya kukaanga, jioni mahindi mawili, na chai ya asali kila alipokumbuka kwamba ni mgonjwa. Baada ya mwezi alikuwa na kilo tisini na saba.

Na hiyo tisini na saba niliipata kwa vita, kwa sababu mama hajipimi kama watu wengine. Anasema kule stoo ukipima mchele lazima utoe uzito wa gunia. Kwa hiyo anapanda mizani, anasoma, halafu anatoa gauni, anatoa kitambaa cha kichwa, anatoa miwani, bandeji ya goti, na, nisamehe, meno ya bandia. Akimaliza kutoa amepungua kilo tatu akiwa amesimama palepale. "Huo ndio uzito halisi," ananiambia. Nikamwambia mizani ya daktari haijui habari za magunia. Akasema basi hiyo mizani haijakaguliwa.

Nikakupigia nikiwa nimevimba kwa hasira. Wewe badala ya kunipoza ukamsomea orodha: viazi wanga, ndizi wanga, juisi, asali, maharage, hata maziwa. Ulisoma kama anayeita majina darasani. Mama akasema, "Sawa." Wewe unaijua ile sawa yake, umekua nayo. Akafunga stoo. Siku sita alikula mayai ya kuchemsha na kabichi, hakutaka kingine. Kichwa kikawa kinamuuma, choo hakipati, na mtu yeyote aliyemsalimia alijibiwa vibaya. Siku ya sita alipatwa na kizunguzungu akitoka kuoga, akashika sinki, sinki likatoka ukutani likabaki mkononi mwake.

Hakuumia, nashukuru. Alikuwa ameshuka mpaka tisini na tatu, na wewe ukapiga makofi kwenye simu: "Mmeona?" Tuliona, Profesa. Tuliona sinki sakafuni. Alipoanza kula kama binadamu, siku kumi hazikuisha alikuwa tisini na sita tena.

Hapo nikasema potelea mbali, nampeleka kwa mtaalamu wa lishe wa kliniki. Kumshusha mama ngazi za ghorofa tatu si jambo la kusimulia. Shemeji yako na wapagazi wawili wa duka la vitambaa walimbeba kwenye kiti, naye akiwaelekeza kana kwamba wanabeba unga wa shule. Lifti ya jengo hili imekufa mwaka wa pili sasa. Mwanawe anatengeneza lifti za watu ng'ambo, yeye anashushwa kwenye kiti cha jikoni. Sisemi kitu, naandika tu.

Mtaalamu mwenyewe ni binti mdogo, penseli kaichomeka kwenye nywele, lakini ana subira kuliko mimi na wewe tukijumlishwa. Alivyosema nakuandikia vyote, maana aliyepaswa kukaa kwenye kile kiti na kumsikiliza ni wewe. Wanga si sumu. Ni chakula ambacho mwili unakigeuza kuwa nguvu, na ule usiotumika mwili unauweka akiba pamoja na maji. Ukiacha kula wanga ghafla, akiba inaisha, maji yanatoka, mizani inashuka, mtu anapigiwa makofi. Ukirudi kula, maji yanarudi. Zile kilo nne ulizoshangilia zilikuwa maji zaidi ya mafuta.

Akasema la kuangalia ni wanga upi na kiasi gani. Nafaka isiyokobolewa, maharage, matunda mazima, hivi vina nyuzinyuzi, vinakaa tumboni, mtu hasikii njaa upesi. Juisi ni machungwa manne yaliyonyang'anywa nyuzinyuzi zake. Hakuna anayekaa kitako akamenya na kula machungwa manne mfululizo, lakini glasi inaisha kwa mafunda mawili. Asali ni sukari, hata ukiikuta kwenye kabati gani. Kiazi hakina kosa, kosa ni sahani nzima, na siagi, na mafuta ya kukaangia. Akachora duara: nusu mboga za majani, robo mayai au samaki au kuku, robo iliyobaki ndiyo ya wanga, isizidi ngumi ya mlaji. Apungue nusu kilo kwa wiki, inatosha, asikimbizwe.

Mama alimsikiliza kwa adabu kubwa. Aliitikia kila neno, akamwita mwanangu, akamwombea mume mwema. Alitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa sote wawili, na mimi nilirudi nyumbani nimefurahi.

Nikaanza kupika kwa ngumi na robo. Huu ni msimu wa sare za shule, ndugu yangu. Sebule nzima ni vitambaa, meza ya chakula ndiyo meza yangu ya kukatia, na mimi nakimbia kati ya pasi na sufuria nikipima wali kwa ngumi ya mama. Wiki tatu. Shemeji yako akapungua kilo nne bila kuombwa, suruali zake nimezibana mara mbili. Mimi mwenyewe nimepungua. Mama alikuwa tisini na tano wiki ya kwanza, tisini na tano wiki ya pili, na wiki ya tatu tisini na tano. Nililia, sikufichi. Nililia nikiwa nimeshika mwiko.

Nikambana shemeji yako. Kumbe kila Jumanne na Ijumaa alikuwa anamletea mama kilo mbili za viazi, akiambiwa na mama ni vya rafiki yake mpishi mstaafu wa ghorofa ya pili. Mwanamume mzima, hakujiuliza kwa nini viazi vya ghorofa ya pili vinapandishwa ya tatu. Na mama alikuwa anavichemsha chumbani kwake kwenye birika la umeme. Mimi nilikuwa nalaumu bomba kwa nini chai yetu ina ladha ya udongo.

Sasa nafika kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Juzi Ijumaa nilikuwa nabadilisha mashuka yake. Chini ya godoro nikakuta daftari, lile la jalada gumu kama yale ya stoo, limepigwa mistari kwa rula. Nilijua nitakuta viazi vimeandikwa mboga. Unajua mama anaweza kunidanganya mimi, anaweza kukudanganya wewe na daktari juu, lakini daftari hawezi kulidanganya. Mkono wake haukubali.

Safu ya kwanza aliiandika WANGA. Chini yake, tangu siku ya kwanza kabisa: viazi gramu mia sita, juisi glasi mbili, asali vijiko vitatu, ndizi tatu. Kila kitu mahali pake, kabla hujamsomea orodha yako, kabla ya yule binti na duara lake. Pembeni uzito wake wa kila asubuhi, wa kweli, hakuna gunia lililotolewa. Mama anajua wanga kuliko sisi sote. Amelisha watoto mia nne kwa wakati mmoja, tulidhani hajui kiazi ni nini?

Na ndani ya jalada ameandika kwa herufi kubwa: KIWANGO CHA CHINI, 90.

Huenda umesahau. Kule stoo kila bidhaa ilikuwa na kiwango chake cha chini. Unga ukikaribia magunia kumi, unaagiza, hungoji ufike huko. Mama amejiwekea tisini. Daktari anataka themanini na nane, yeye amesema haendi chini ya tisini, na kila alipoona anakaribia alijaza. Alipoona tisini na tatu siku ile ya sinki, alianza kuagiza viazi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake dirishani. Nikamwekea daftari mapajani. Akalifunga taratibu. Akasema, "Nikishuka napasuliwa. Nikipasuliwa napona. Nikipona napakiwa kwenye ndege kama kifurushi." Nikamuuliza nani kasema. "Ndugu yako, kila Jumapili." Kisha akaniangalia. "Na wewe unajifanya huhusiki? Hukupima dirisha langu?"

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nimekukaripia kurasa nzima na sasa ni zamu yangu. Ni kweli nilipima. Mwezi wa pili, nikidhani amelala, niliingia na futi yangu ya kushonea nikapima ukuta wa dirisha. Chumba cha mama ndicho chenye mwanga mzuri humu ndani. Nilishapanga cherehani ikae wapi, meza ya kukatia iingie vipi. Nilikuwa napika wali kwa ngumi na huku kichwani nimeshamtoa mama chumbani kwake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema kwa mwanawe wa mwisho hajui kusema hapana, hakujifunza. Kila ukimwambia mapacha wanamngoja, anaitikia tu. Anawapenda, Profesa, picha zao amezibandika kila mahali mpaka kwenye mlango wa choo. Lakini hataki kwenda kuwalea. Aliniambia, "Nililea wa kwangu, nikalisha wa watu. Zamu yangu nimeimaliza." Huko kwenu hajui lugha, hana rafiki, atakaa ndani anangoja mrudi kazini. Anachotaka hilo goti limfanyie ni kushuka ngazi kwa miguu yake, akae kwa yule rafiki yake mpishi wabishane kuhusu mambo ya mwaka gani sijui, halafu aende sokoni kuchagua nyanya mwenyewe. Anasema namletea zilizobonyea. Ni kweli namletea zilizobonyea, naenda jioni nikiwa nimechoka.

Yaani ametaka kubaki kilema kuliko kutukatalia. Miezi minne amejishindilia viazi kwa gramu, maumivu yakizidi, mtu ambaye akigeuka kitandani namsikia kutoka sebuleni. Na sisi wawili tunabishana kama ndizi ni wanga.

Nimemwambia upande wangu. Nilimwambia chumba ni chake, goti likipona ni chake, lisipopona ni chake, na sitaingia tena humo na futi. Hakusema asante, wala sikutaka. Alichezea pembe ya daftari, kisha akaniuliza, "Na yule?"

Yule ni wewe, mdogo wangu. Ningeweza kumwambia nitazungumza naye, atakuelewa, usijali. Lakini hayo ni maneno yangu, na mama hayaandiki maneno ya mtu kwa niaba ya mwingine. Kule stoo aliyeleta mzigo alisaini mwenyewe.

Basi hesabu nakupa, kisha nimalize. Zimebaki wiki kumi na sita. Kilo saba kwa nusu kilo ni wiki kumi na nne, na hizo mbili za ziada barua hii itazimalizia njiani. Ikikufikia, usingoje Jumapili. Piga siku hiyohiyo, sauti iwe wazi, katikati ya meza kama anavyopenda. Usiseme wanga. Usiseme mizani, usimsomee orodha yoyote. Mwambie hutamchukua. Akitaka kuja kuwatembelea atakuja mwezi mmoja na atarudi nyumbani kwake. Itakuuma, najua, mmemtegemea wewe na wifi, na zamu zenu huko si mchezo. Niandikie unitukane mimi, nitapokea. Lakini yeye mwambie, na umwambie kwa namna ya kwamba akikata simu aifute ile tisini mwenyewe.

Nisalimie wifi sana, mwambie sijamkasirikia hata kidogo. Wabusu mapacha, wa kwanza na wa pili kwa usawa, nisije kuletewa mashtaka. Shemeji yako anakusalimu, na anaomba radhi kwa viazi. Mungu akulinde kwenye hayo mashimo unayoshuka kila siku, akupe ulimi mwepesi siku utakayopiga simu hiyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia, kama leo.